Maswali ya Wasomaji: Pasaka, Msalaba na Pendo la Mungu

Barua zimekuwa nyingi tangu Jumatano ya Majivu. Nyingine tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha. Zilizouliza jambo moja tumezijibu kwa pamoja.

Baba gani huyo?

*Bwana Yesu asifiwe. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Baada ya ibada ya Ijumaa Kuu mwaka jana aliniuliza: "Mama, kama Mungu ni upendo, kwa nini alitaka damu ya Mwanawe kwanza ndipo asamehe? Mbona wewe unanisamehe bila kumchapa dada kwanza?" Nikamwambia hayo ni mafumbo ya imani, anyamaze. Naona hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. – Mama, Morogoro*

Mama, mwanao hajakufuru. Amegusa mahali ambapo mahubiri mengi ya Ijumaa Kuu hukwama, na anastahili jibu.

Shida iko kwenye picha anayochorewa kanisani. Anaonyeshwa watu watatu: Baba mwenye hasira, Mwana asiye na kosa, na sisi wakosefu. Baba anainua fimbo, Mwana anajitupa katikati, hasira inaishia mgongoni mwake. Picha hiyo inamtenga Baba na Mwana kana kwamba wana nia mbili, na Agano Jipya halisemi hivyo. Paulo anaandika kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake (2 Wakorintho 5:19). Yesu anasema hakuna anayemnyang'anya uhai wake, anautoa mwenyewe (Yohana 10:18). Anayetoa na anayetolewa wana moyo mmoja. Pale msalabani hayupo mtu wa pembeni aliyeburutwa kulipia ugomvi usiomhusu. Yupo Mungu mwenyewe, amekuja katika mwili unaoweza kuumia.

Tazama pia kipi kinatangulia katika Yohana 3:16. Mungu aliupenda ulimwengu, hata akamtoa Mwanawe. Upendo kwanza, kutoa baadaye. Warumi 5:8 inakaza zaidi: Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi, kabla hatujatubu wala kuahidi lolote. Anayefundisha kwamba damu ndiyo iliyomgeuza Mungu moyo, akaacha kutuchukia akaanza kutupenda, ameusoma mstari kuanzia mwisho.

Sasa lile la "kusamehe tu". Jirani alikopa kwako shilingi 300,000 na hana cha kulipa. Siku unayomwambia "yameisha", zile 300,000 haziyeyuki hewani, zinatoka mfukoni mwako. Kila msamaha wa kosa la kweli una anayebeba hasara, na aliyesamehe ndiye huibeba. Hata wewe unapomsamehe mwanao kuna kitu unakimeza: aibu, usingizi uliokosa, fedha iliyopotea. Kosa linapokuwa dogo gharama haionekani. Kosa likiwa la wanadamu wote, uuaji, uongo, dhuluma kwa maskini, gharama yake ikaonekana mchana kweupe, nje ya ukuta wa Yerusalemu.

Na nani alimuua? Pilato aliyeogopa kushtakiwa kwa Kaisari, wakuu walioogopa Warumi wangekuja kuwanyang'anya mahali pao na taifa lao (Yohana 11:48), askari waliokuwa zamu. Petro anawaambia watu wa Yerusalemu kwamba Mungu alilijua na kulikusudia jambo hili, lakini mikono iliyoua ni ya watu (Matendo 2:23). Kisha katika sura ya tatu anagawa kazi wazi: ninyi mlimuua Mkuu wa uzima, Mungu akamfufua (3:15). (Na mhubiri anayepaza sauti kwamba "Wayahudi walimuua" akumbuke kuwa Yesu, Maria mama yake, na Petro anayesema maneno hayo, wote walikuwa Wayahudi.)

Huenda mwanao akauliza juu ya kile kilio, "Mungu wangu, mbona umeniacha?" (Marko 15:34). Msomee Zaburi 22 yote, maana kilio hicho ndicho mstari wake wa kwanza. Mstari wa 24 unasema Mungu hakumficha mteswa uso wake, bali alipomlilia alisikia. Hatusemi Yesu aliigiza maumivu. Tunasema alilia kwa sala ya watu wake, na sala ile ina mwisho wake.

Wanatheolojia wamelieleza jambo hili kwa njia tofauti. Athanasio wa Aleksandria, karne ya nne, alikazia kwamba Mungu aliingia ndani ya kifo ili akivunje. Anselm wa Canterbury, aliyefariki mwaka 1109, alikazia heshima ya Mungu iliyovunjwa na deni ambalo mwanadamu asingeweza kulilipa. Abelard, muda mfupi baada yake, alikazia upendo unaomgeuza anayeutazama. Wanamatengenezo wa karne ya 16 walitumia lugha ya mahakama na adhabu. Mitaguso ya kale, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, iliamua Kristo ni nani, lakini haikufunga maelezo yote ya msalaba katika nadharia moja. Kanuni ya Imani ya Nikea inasema alisulubiwa kwa ajili yetu, basi. Kwa maoni yetu, kila mojawapo ya njia hizi ikihubiriwa peke yake mwaka baada ya mwaka hupinda. Ya mahakama ikiachwa peke yake huzaa ile picha ya Baba mwenye fimbo. Ya Abelard ikiachwa peke yake humfanya Yesu kuwa mfano mzuri tu.

Kitu kingine kinachokosekana ni Jumapili. Ukiishia Ijumaa, una mtu mwema aliyeuawa, na hao ni wengi duniani. Paulo hakuficha: kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure, mngali katika dhambi zenu (1 Wakorintho 15:17). Ufufuko ndio unaoonyesha kwamba upendo ule haukushindwa. Kwa hiyo mtoto akiuliza juu ya msalaba, mjibu ukiwa na kaburi tupu mkononi.

Ukitaka kumweleza kwa maneno machache: Mungu hakumtuma mtu mwingine aumie, alikuja mwenyewe. Tulimuua sisi. Akafufuka, na neno lake la kwanza kwa wanafunzi waliokuwa wamemkimbia likawa "Amani iwe kwenu" (Yohana 20:19).

Siku tatu zipi?

*Rafiki yangu Mwislamu ninayefanya naye kazi bandarini ananitania kila mwaka: Ijumaa alasiri hadi Jumapili alfajiri, siku tatu mchana na usiku ziko wapi? – Msomaji, Mombasa*

Kwa saa ya ukutani hazifiki hata arobaini. Lakini Wayahudi wa wakati ule walihesabu kipande cha siku kuwa siku. Yesu alikufa Ijumaa yapata saa tisa alasiri: hiyo moja. Jua lilipozama ikaingia Sabato: ya pili. Jumamosi jua lilipozama ikaingia siku ya kwanza ya juma: ya tatu. Rafiki yako atakuelewa upesi, kwa sababu hata Ramadhani huingia magharibi, si saa sita ya usiku.

Ugumu uko kwenye Mathayo 12:40, panaposemwa "siku tatu mchana na usiku" kama Yona. Fungua Esta 4:16. Malkia anaagiza watu wafunge siku tatu, usiku na mchana, halafu 5:1 inasema aliingia kwa mfalme siku ya tatu, si baada yake. Ni namna yao ya kusema. Ushahidi mzuri zaidi uko Mathayo 27:63-64. Makuhani wanamwambia Pilato kwamba Yesu alisema atafufuka "baada ya siku tatu", na papo hapo wanaomba kaburi lilindwe "hata siku ya tatu". Wenyewe hawakuona tofauti.

Wapo Wakristo wanaohamishia kusulubiwa Jumatano au Alhamisi ili hesabu itimie. Hawana haja. Injili zinasema alizikwa siku ya Maandalio, kesho yake ikiwa Sabato, na katika Luka 24:21 wale wawili wa njia ya Emau wanasema Jumapili hiyohiyo: leo ni siku ya tatu.

Injili nne, habari nne?

*Nimesoma habari za kaburini katika Injili zote nne nikizilinganisha. Wanawake hawalingani idadi, malaika hawalingani. Nimtegemee nani? – Msomaji, Kakamega*

Ulichokiona ni kweli, na waumini wengi hawakioni kwa sababu husomewa Injili moja kwa mwaka. Mathayo anataja Maria Magdalena na Maria yule wa pili. Marko anamwongeza Salome. Luka anamtaja Yoana na wengine. Yohana anamtaja Magdalena peke yake, ingawa Maria huyo mwenyewe anasema "hatujui walikomweka" (20:2), kana kwamba hakuwa peke yake. Malaika ni mmoja kwa Mathayo, kijana aliyevaa mavazi meupe kwa Marko, wawili kwa Luka na Yohana.

Usijaribu kuzishona zote ziwe hadithi moja. Kazi hiyo humchosha mtu na mara nyingi huzaa hadithi ya tano ambayo haimo katika Biblia. Angalia zinapokutana: siku ya kwanza ya juma, mapema, kaburi limefunguliwa, mwili haumo, Maria Magdalena yupo katika zote nne, na wa kwanza kujua ni wanawake. Hili la mwisho lina uzito. Katika jamii ile ushahidi wa mwanamke haukuthaminiwa sana, na Luka anakiri kwamba mitume waliyaona maneno yao kuwa upuuzi (24:11). Mtu anayetunga habari ili aaminiwe asingechagua mashahidi hao.

Ukifika mwisho wa Marko, fahamu kwamba mistari ya 16:9-20 haimo katika nakala mbili za kale zinazoheshimiwa sana, za karne ya nne. Ndiyo maana Biblia nyingi huiweka kwenye mabano au kuitolea maelezo chini ya ukurasa. Usijenge fundisho zito juu yake peke yake.

Na kumbuka kwamba andiko la kale zaidi kuhusu ufufuko si Injili. Ni 1 Wakorintho 15:3-8, barua ya miaka ya 50, na Paulo anasema habari hiyo naye aliipokea. Anaorodhesha waliomwona: Kefa (ndiye Petro), wale Thenashara, ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja, Yakobo, mitume wote, mwishowe yeye mwenyewe. Kisha anasema wengi wa wale mia tano wangali hai. Ni kama kumwambia msomaji: nenda ukawaulize.

Kwa nini tarehe inahamahama?

*Mimi ni mtunza hazina wa kwaya. Tunataka kulipia ukumbi wa semina ya Pasaka mapema, lakini kalenda za miaka ijayo hazijatoka. Kuna njia ya kujua tarehe? – Msomaji, Dodoma*

Ipo, na haihitaji intaneti. Kanuni iliyozoeleka baada ya Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ni kwamba Pasaka huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kwa hiyo haiwezi kutangulia 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Kwa mwaka wowote kati ya 1900 na 2199 fanya hivi:

Gawanya mwaka kwa 19, shika baki. Zidisha baki hilo kwa 19, ongeza 24, kisha gawanya kwa 30 na ushike baki jipya. Hizo ni siku za kuongeza juu ya 21 Machi ili upate mwezi mpevu wa Kanisa. Jumapili inayofuata ndiyo Pasaka.

Mfano, 2027. Ukigawanya kwa 19 linabaki 13. 13 mara 19 ni 247, ongeza 24 upate 271, gawanya kwa 30, linabaki 1. Mwezi mpevu ni 22 Machi, ambayo ni Jumatatu. Pasaka ni Jumapili ya 28 Machi. Ukirudi nyuma siku 46 unapata Jumatano ya Majivu, 10 Februari. Siku 46, si 40, kwa sababu Jumapili sita za Kwaresima hazihesabiwi katika siku za kufunga.

Watu hukosea mahali pawili. Kwanza, mwezi mpevu ukiangukia Jumapili yenyewe, Pasaka husogea hadi Jumapili ya pili yake. Ndivyo ilivyokuwa 2025: mwezi mpevu 13 Aprili, Jumapili, Pasaka 20 Aprili. Pili, baki la mwisho likiwa 29 lifanye 28. Na likiwa 28 huku baki la kwanza likizidi 10, lifanye 27.

Usishangae mwezi wa angani ukipishana na hesabu. Mwaka 2019 mwezi ulipevuka alfajiri ya 21 Machi, watu wakasubiri Pasaka ya Machi, lakini jedwali la Kanisa lilikuwa limeuweka siku moja kabla, 20 Machi, nje ya mpaka wa tarehe 21. Pasaka ikawa 21 Aprili. Kanisa hufuata jedwali, halipandi juu ya paa kutazama.

Mkialika kwaya ya ndugu Waorthodoksi walioko Kenya au Uganda, waulizeni tarehe yao. Wao hukokotoa kwa kalenda ya Juliasi, iliyo nyuma kwa siku 13 ya ile iliyorekebishwa na Papa Gregori XIII mwaka 1582. Mwaka 2027 Pasaka yao ni 2 Mei. Mwaka 2028 tutakutana, 16 Aprili.

Msiba siku ya Ijumaa Kuu

*Tumsifu Yesu Kristo. Baba yetu mkubwa alifariki Jumatano Kuu. Padri alikataa kufanya Misa ya mazishi Ijumaa, ukoo ukaona tumedharauliwa. Alikuwa na haki? – Msomaji, Moshi*

Poleni sana kwa msiba. Padri hakuwadharau. Ijumaa Kuu hakuna Misa popote katika Kanisa Katoliki, ya mtu yeyote, hata ya askofu. Misa ya mazishi hairuhusiwi tangu Alhamisi Kuu hadi Jumapili ya Pasaka yenyewe. Kuzika kunaruhusiwa: masomo, sala za mazishi, kunyunyiza maji ya baraka, mahubiri. Siku ya Ijumaa ibada hiyo hufanyika bila nyimbo, bila vyombo vya muziki na bila kengele. Misa ya kumwombea marehemu inaweza kuadhimishwa kuanzia Jumatatu ya Pasaka, na hapo vigelegele na kinanda vinarudi. Familia zinazoweza kusubiri huhamishia mazishi Jumatatu au Jumanne. Lakini ulizeni gharama ya chumba cha kuhifadhia maiti kabla ya kuamua, maana hizo siku nne au tano zimewaacha wengi na deni.

Walioandika kuhusu harusi ya Jumamosi Kuu: hairuhusiwi, hata kama ukumbi umeshalipiwa.

Kisukari na mfungo

*Nina miaka 57, natumia vidonge vya kisukari. Nafunga Ijumaa Kuu kila mwaka, mwaka jana nikaanguka kwenye Njia ya Msalaba. – Msomaji, Tabora*

Sheria ya mfungo kwa Wakatoliki huwabana wenye umri wa miaka 18 hadi wanapotimiza 59: mlo mmoja kamili, na miwili midogo ambayo kwa pamoja haifiki mlo kamili. Kuacha nyama huanzia miaka 14, samaki wanaruhusiwa. Umri wako umo ndani, lakini ugonjwa unakutoa. Wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha na wafanya kazi nzito hawabanwi, na hawahitaji kibali cha maandishi.

Baadhi ya vidonge vya kisukari, kama glibenklamidi, na sindano za insulini, huendelea kushusha sukari hata usipokula. Ukiona jasho la ghafla, mikono inatetemeka au kichwa kinazunguka, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, keti, upime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Usipunguze dozi kwa uamuzi wako, zungumza na daktari kabla ya Kwaresima. Siku hiyo kula kwa saa zako, acha nyama, na fedha ya kitoweo mpe asiye nacho.

Moto wa Mkesha

*Vijana wa parokia tumepewa kazi ya kuandaa moto na mshumaa wa Mkesha wa Pasaka. Mwaka jana upepo ulizima kila kitu, na taa ziliwashwa katikati ya maandamano. – Katibu wa vijana, Songea*

Anzeni na saa. Mkesha hauanzi kabla giza halijaingia. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, kwa hiyo msianze kabla ya saa moja na nusu. Parokia zinazoanza saa kumi na moja ili watu wawahi daladala huwasha moto ambao hakuna anayeuona.

Kuni ziwe kavu, vijiti vyembamba chini, vinene juu, upande wa jengo unaokingwa na upepo. Petroli marufuku, na mafuta ya taa msimwagie moto uliokwisha kushika. Uwasheni dakika 20 kabla ya padri kutoka, na makaa ya chetezo yatiwe humo dakika 10 kabla. Makaa mabichi huzima yakiwekewa ubani. Wekeni ndoo ya mchanga karibu.

Mshumaa uwe mmoja, mpya wa mwaka huo, wa nta. Bomba la plastiki lenye taa ya mafuta ndani halifai, hata kama linapendeza. Padri huchora msalaba, Alfa juu, Omega chini, na tarakimu za mwaka kwenye pembe: ya kwanza juu kushoto, ya pili juu kulia, ya tatu chini kushoto, ya nne chini kulia. Tobo tano za chembe za ubani zitobolewe mchana, maana nta ngumu hupasuka ikichomwa usiku kwa haraka. Chembe hizo ni madonda matano ya Kristo, na hapa ndipo lile swali la mama wa Morogoro linapopata jibu la kutazamwa: madonda hayafutwi, yamo katika mshumaa uleule unaotangaza ufufuko.

"Mwanga wa Kristo" huimbwa mara tatu. Mlangoni, padri anawasha mshumaa wake. Katikati ya kanisa, watu wote wanawasha. Mbele ya altare, ndipo taa za kanisa huwashwa, isipokuwa mishumaa ya altare inayosubiri wimbo wa Utukufu. Mteueni mtu mmoja akae kwenye swichi na asiondoke. Waambieni watu: mshumaa unaowaka husimama wima, usiowaka ndio unaoinamishwa. Karatasi ngumu yenye tundu chini ya kila mshumaa itaokoa mikono na nguo nyeupe.

Masomo ni tisa, saba yakiwa ya Agano la Kale. Yanaweza kupunguzwa hadi matatu ya Agano la Kale, lakini la kuvuka bahari, Kutoka 14, haliachwi kamwe.

Wananiambia nisamehe nirudi

*Mume wangu alinivunja mkono mwezi wa kumi na moja. Niko kwa dada yangu na watoto. Viongozi wa jumuiya wamekuja wakasema Pasaka ni msamaha, Yesu aliwasamehe waliomsulubisha, nami nirudi nyumbani kabla ya Jumapili ya Matawi. – Msomaji, Mwanza*

Dada, usirudi kwa sababu ya tarehe kwenye kalenda. Viongozi wako wamechanganya mambo mawili. Kusamehe ni kuacha kulipiza kisasi, na hilo unaweza kulifanya ukiwa kwa dada yako, kwa muda wako. Kurudi kuishi pamoja kunahitaji aliyekosa abadilike, na hilo haliko mikononi mwako. Zakayo mtoza ushuru hakuambiwa "yameisha" akaendelea kutoza. Alirudisha mara nne (Luka 19:8). Yesu aliwaombea wauaji wake, na tangu mwanzo wa kazi yake inasemwa hakujiaminisha kwa watu, kwa kuwa aliyajua yaliyo ndani yao (Yohana 2:24-25). Uhai wake aliutoa kwa hiari. Uhai anaonyang'anywa mke kwa ngumi si sadaka, na hakuna padri wala katekista mwenye haki ya kuuita hivyo.

Sheria ya Kanisa iko upande wako. Kanuni 1153 inampa mwenzi sababu halali ya kuondoka ikiwa mwingine anahatarisha sana mwili au roho yake, au ya watoto. Na hatari ikiwa ya karibu, anaweza kuondoka kwa uamuzi wake bila kusubiri askofu. Waonyeshe viongozi.

Upande wa serikali, nenda kituo cha polisi uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Kama hukuchukua fomu ya PF3 ulipotibiwa, eleza hivyo na ubebe cheti cha hospitali na picha ya eksirei. Weka vyeti vya kuzaliwa vya watoto mahali ambapo mumeo hapafikii. Akitaka suluhu, kikao kisifanyikie nyumbani kwenu, na wahudhuriaji wasiwe baba mkwe na wazee wa upande wake peke yao.

Kupokea komunyo hakukatazwi kwa sababu umeondoka nyumbani. Kuishi mbali na mume si dhambi.

Kwa ufupi

*Mayai na sungura* (Arusha): hayamo katika Biblia. Zama za kati mayai yalikatazwa wakati wa Kwaresima, kuku hawakujua, kwa hiyo Pasaka yalikuwa tele. Sungura ni desturi ya Wajerumani. Watoto wakipenda kupaka mayai rangi, wapake.

*Pasaka ni sikukuu ya kipagani?* (wengi): katikati ya karne ya pili Polikarpo wa Smirna alikwenda Roma kujadiliana na Askofu Aniketo kuhusu siku ya kuiadhimisha. Hawakukubaliana, na wakaadhimisha Ekaristi pamoja. Walibishana tarehe tu, kwa sababu sikukuu yenyewe ilikuwa tayari ya wote, na mzizi wake ni Kutoka 12.

*Kuosha miguu wanawake Alhamisi Kuu* (Nairobi): inaruhusiwa tangu Januari 2016, kwa agizo la Papa Fransisko. Na si lazima wawe 12.

*Ibada ya alfajiri makaburini* (Mbeya): Wamoravian waliianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891.

*Komunyo mara mbili* (Bukoba): aliyepokea kwenye Mkesha anaweza kupokea tena katika Misa ya mchana wa Pasaka.